Kidonge Kina Saa Yake: Maudhi na Madhara ya Dawa za ADHD kwa Watoto

Wazazi, walezi, walimu, matroni na mapatroni wa mabweni, asanteni kwa kuja.

Mada niliyopewa ni "madhara ya dawa za ADHD kwa watoto", yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia jambo. Kabla sijaingia ndani, nalikata neno hilo vipande viwili. Kina mama waliopita kliniki ya uzazi wa mpango wanakijua kipande cha kwanza: wahudumu hukiita maudhi madogo madogo. Hayo yanatarajiwa, yanasumbua, na mengi hutulizwa bila kuacha dawa. Kipande cha pili ni madhara yenyewe, yale yanayokufanya usimpe mtoto kidonge kinachofuata na uelekee hospitali siku hiyohiyo. Anayeyachanganya ataangukia upande mmoja kati ya miwili. Atamwachisha mtoto dawa kwa sababu chombo cha chakula kimerudi nyumbani kimejaa, au ataendelea kumpa huku mtoto anazimia uwanjani akicheza mpira.

Dawa ninazozungumzia huitwa vichangamshi. Kuu ni methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, na ile ya kufanya kazi kutwa kwa jina la Concerta. Kundi la pili ni la amfetamini. Adderall na Vyvanse zimo humo, na wenye ndugu Marekani watakuwa wamezisikia.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: mtoto hatulii, halafu unampa kichangamshi? Ubongo wa mtoto huyu una sehemu ya mbele inayopaswa kusema "ngoja kidogo", "maliza kwanza hili". Sehemu hiyo huzungumza kwa kemikali mbili, dopamini na noradrenalini. Seli huzitoa, kisha huzirudisha ndani haraka. Methilifenideti huziba mlango wa kurudishia, basi ujumbe unakaa muda mrefu zaidi na lile "ngoja" linasikika. Tatizo ni kwamba kemikali hizo hazikai mbele ya ubongo peke yake. Njaa inazitumia, usingizi unazitumia, moyo na mishipa ya damu vinazitumia. Maudhi tunayoyaona ni kazi ileile ya dawa ikifanyika mahali ambapo hatukuituma.

Wala si dawa ya jana. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, huko Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto Benzedrine, dawa ya kundi la amfetamini, akitafuta kuwatuliza maumivu ya kichwa baada ya kipimo cha mgongo. Kilichomshangaza ni namna walivyotulia darasani. Methilifenideti yenyewe ilitengenezwa na Leandro Panizzon huko Uswisi mwaka 1944, ikaingia sokoni miaka kumi baadaye, na jina Ritalin likatokana na Rita, mke wake. Kwa hiyo maudhi yake yameangaliwa kwa miongo mingi, na mengi yanajulikana mpaka saa yanapoanza na saa yanapokwisha. Hapo kwenye saa ndipo nataka tukae leo.

Chukueni kidonge cha kawaida, kile cha muda mfupi. Mtoto akikimeza saa moja asubuhi, kinaanza kazi kama saa moja na nusu, kinafika kileleni karibu saa tatu, na ikifika saa tano kinakwisha. Akipewa cha pili saa tano, kilele chake ni saa saba mchana, na saa tisa kimekwisha. Sasa niambieni, chakula cha mchana shuleni huliwa saa ngapi? Saa saba. Mnaona kwa nini ugali unabaki kwenye sahani. Dawa ya kutwa hufanya kazi kwa muda wa saa 8 hadi 12 kulingana na aina, kwa hiyo ikimezwa saa moja asubuhi inaweza kuwa bado iko kazini saa moja jioni.

Ukiishika ratiba hiyo, hata hasira za mtoto zinasomeka. Wazazi wengi hufika kliniki na sentensi moja: "Daktari, dawa inamfanya mtoto awe mkali." Swali la kwanza la daktari mzuri litakuwa, saa ngapi? Mtoto anayekuwa mkimya kupita kiasi, macho yametulia sehemu moja, analia kwa jambo dogo, na hayo yote hutokea saa moja au mbili baada ya kumeza, huyo dozi imemzidi. Walimu, huyu ndiye mwanafunzi ambaye mnaweza kumsifu kimakosa. Hasumbui, hatoki kitini, lakini pia hacheki, haulizi, na rafiki zake wanasema amebadilika. Kazi ya dawa ni kumwezesha mtoto kuwa yeye mwenyewe akiwa na breki. Akigeuka sanamu, dozi ishushwe.

Mwingine anakuwa sawa kutwa nzima, kisha saa tisa au kumi jioni, akishuka tu kwenye basi, anawaka: anapiga mdogo wake, anatupa begi, analia. Huyo dawa inamtoka. Kushuka kwake ni kwa ghafla, na tabia zilizokuwa zimetulizwa hurudi kwa kishindo kwa muda wa nusu saa hadi saa moja au zaidi kidogo. Ukimpunguzia dozi ya asubuhi hutatibu jambo hili. Mara nyingi husaidia kumpa kitu cha kula na kumwacha apumzike bila maswali wala kazi za nyumbani kwa saa moja, na ikishindikana daktari anaweza kuhamia dawa ya kutwa inayoshuka polepole, au kuongeza dozi ndogo ya mchana ili mteremko uwe mpole. Angalieni jinsi ilivyo hatari kutofautisha vibaya: watoto wawili, malalamiko yaleyale ya ukali, mmoja anahitaji kupunguziwa na mwingine pengine anahitaji nyongeza ndogo. Kinachowatenganisha ni saa ukutani.

Wapo pia wa aina ya tatu, ambao hasira au huzuni iko asubuhi kabla ya dawa, iko mchana, iko siku za mapumziko zisizo na kidonge. Hapo usikilaumu kidonge. Mtafutieni chanzo kingine: huzuni yenyewe, hofu, kuonewa shuleni, usingizi mbaya.

Tuje kwenye chakula, kwa sababu ndilo linalowaumiza wazazi kuliko yote. Mapitio makubwa ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio mengi ya methilifenideti kwa watoto na vijana, yalikuta hatari ya kupungukiwa hamu ya kula ikiwa imeongezeka kwa asilimia 266 ikilinganishwa na wasiotumia, na matatizo ya usingizi kwa asilimia 60. Yaani hamu ya kula ndiyo inayoongoza kwa mbali.

Dawa haimnyimi mtoto chakula saa 24. Inamnyima katikati ya siku. Kuna milango miwili ambayo iko wazi, wa asubuhi kabla ya kumeza na wa usiku dawa ikishatoka, na mzazi mwerevu hupitishia chakula humo. Asubuhi mtoto ale kwanza, kidonge kifuate. Asile chai ya rangi na kipande cha mkate halafu useme amekula. Mpe uji mzito wa ulezi uliopikwa na maziwa, ukoroge ndani kijiko kikubwa cha siagi ya karanga. Kijiko hicho peke yake kina kalori zinazokaribia 100. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kina kama 120. Yai, parachichi, chapati ya maji, viazi vitamu, vyote vina nafasi. Unatafuta chakula kidogo kwa ujazo kilicho kizito kwa nguvu.

Mchana usimlazimishe. Kumlazimisha mtoto asiye na njaa kunazaa ugomvi na kichefuchefu, na vyote viwili vitafutiwa lawama kwenye dawa. Mfungie kitu kidogo kinacholika kwa vidole: korosho, karanga, yai la kuchemsha, ndizi. Walimu, nawaomba jambo moja: mtoto huyu akibakiza chakula, asiadhibiwe wala asisimamishwe mbele ya wenzake. Na maji ayanywe, maana mdomo hukauka, na kichwa kinachouma saa nane mchana mara nyingi kina njaa na kiu ndani yake kuliko ugonjwa.

Jioni mlango unafunguka tena. Familia nyingi hula saa mbili usiku, na mtoto huyu anaweza kuwa na njaa ya simba saa tatu. Mpe. Mlo wa pili wa usiku, maziwa na ndizi au kiporo cha wali wa mchana uliohifadhiwa vizuri, si ulafi. Anarudisha alichokosa saa saba. Maumivu ya tumbo ya wiki za kwanza nayo hupungua sana dawa ikimezwa pamoja na chakula au mara baada yake.

Mizani iwepo. Mwongozo wa Uingereza unaotolewa na NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, unataka mtoto wa miaka 10 na chini apimwe uzito kila miezi 3; aliyezidi hapo apimwe mwezi wa 3, wa 6, kisha kila miezi 6. Mizani iwe ileile, mtoto avue viatu na sweta. Msichukulie kirahisi "amepungua kilo moja tu". Kwa mtoto wa kilo 20, kilo moja ni asilimia 5 ya mwili wake.

Urefu una hadithi ndefu zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MTA uliwafuata watoto kwa miaka mingi, na ripoti yake ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba baada ya miaka 3 walioanzishiwa vichangamshi na kuendelea navyo walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2, na wepesi kwa takriban kilo 2.7, kuliko wenzao wenye ADHD ambao hawakuvitumia. Kasi ya kupungua ilielekea kusimama kufikia mwaka wa 3, ila sentimita zilizopotea hazikuonekana kufidiwa. Sentimita 2 si kilema, na kwa mtoto ambaye bila dawa angefukuzwa shule, wazazi wengi watakubali biashara hiyo. Lakini wakubali wakijua, wasije kuambiwa baadaye.

Kupima urefu nyumbani kunataka utaratibu. Mtoto asimame bila viatu, visigino, makalio na mgongo vikigusa ukuta, atazame mbele. Weka kitabu kigumu bapa juu ya kichwa kikiwa kimegusa ukuta, chora mstari chini yake kwa penseli, andika tarehe. Fanya asubuhi kila mara, kwa sababu mtu hufupika kidogo kufikia jioni. Kila miezi 6 inatosha. Kati ya miaka 5 na kubalehe mtoto huongezeka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akipata chini ya 4, mpelekeni na rekodi yenu mkononi. Daktari anaweza kushauri mapumziko ya dawa wakati shule zimefungwa ili mwili upate nafasi. Hayo ni mapumziko yaliyopangwa. Kusahau kidonge Jumanne na Alhamisi ni jambo jingine kabisa.

Usingizi. Hapa kuna mtego, kwa sababu watoto wengi wenye ADHD walikuwa hawalali vizuri hata kabla hawajaonja kidonge. Ndiyo maana nashauri mzazi aandike saa ya kulala na saa ya kuamka kwa wiki mbili kabla ya kuanza dawa. Bila hilo, kila usiku mbaya utaandikwa kwenye deni la Ritalin. Dawa ikiwa imeanzishwa na mtoto sasa anakodoa macho mpaka saa tano usiku, rudini kwenye saa: cha mwisho kilimezwa lini? Kidonge cha muda mfupi kisipite saa kumi jioni. Cha kutwa kimezwe asubuhi mapema. Kikisahaulika mpaka saa nane mchana, kiache, subiri kesho, na kesho usimpe viwili. Wapo watoto wachache wanaokosa usingizi kwa sababu dawa imetoka ghafla na fujo zimerudi saa ya kulala. Hao daktari huwashughulikia tofauti. Simu na televisheni zizimwe saa moja kabla. Hilo mnalijua, nalisema tu kwa sababu wengi wetu hatulifanyi.

Moyo. Kwa wastani dawa huongeza mapigo machache kwa dakika na presha kwa vizio vichache, kiasi ambacho mtoto mwenye moyo mzima hakihisi. Mwaka 2005 Kanada iliisimamisha Adderall XR kwa hofu ya vifo vya ghafla, ikairudisha miezi michache baadaye. Kisha mwaka 2011 ukachapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha watoto na vijana zaidi ya milioni 1.2: matukio makubwa ya moyo yalikuwa 81 kwa jumla, na waliokuwa wakitumia dawa hawakuonekana kuwa na hatari kubwa kuliko wasiotumia. Hiyo ni habari njema kwa mtoto mwenye moyo wa kawaida. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kidonge cha kwanza. Mwambieni daktari kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia, kuumwa kifua akicheza, kuishiwa pumzi kuliko wenzake, au kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40. Kwetu Afrika Mashariki naongeza swali ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka: mtoto amewahi kuugua homa ya rumatiki, ile inayoanza na koo, ikaja kwenye viungo na kuishia kwenye vali za moyo? Kama ndiyo, moyo usikilizwe na mtaalamu kwanza.

Presha na mapigo vipimwe kabla ya kuanza, kila dozi inapobadilishwa, na kila miezi 6. Kitambaa cha mashine kiwe cha mkono wa mtoto. Cha mtu mzima kwenye mkono mwembamba hutoa namba ya chini ya uongo. Nyumbani unaweza kuhesabu mapigo mwenyewe: mtoto akae dakika 5, shika kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima. Yakizidi 120 akiwa ametulia, na ukirudia yakawa vilevile, daktari aambiwe.

Tiki, yaani kupepesa macho, kuinua bega, kukohoakohoa bila kikohozi, zilitisha watu kwa miaka mingi. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa majaribio 22 ulikuta tiki mpya au zilizozidi kwa asilimia 5.7 ya waliopewa kichangamshi na asilimia 6.5 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Huja na kuondoka zenyewe. Msimkaripie mtoto aziache, zitazidi.

Sasa yale ya kukimbilia hospitali. Maumivu ya kifua, kuzimia, moyo kwenda mbio usiotulia. Mtoto kuanza kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, au kuwa na furaha iliyopitiliza na mbio za maneno bila kulala kabisa. Kusema anataka kufa. Kwa mvulana, uume kusimama na kuuma kwa saa 4 bila kushuka. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hili mwaka 2013. Mwambieni kijana mapema, tena baba amwambie bila kuzungusha, maana wengi huficha kwa aibu na kila saa inayopita inaharibu. Vidole vya mikono au miguu kufa ganzi, kuuma na kubadilika rangi: kwenye ngozi yetu nyeusi angalieni kucha na viganja, usisubiri ngozi ya juu ikuonyeshe. Na walio ughaibuni wanaopewa methilifenideti ya kubandika kwenye ngozi, FDA ilionya mwaka 2015 kwamba inaweza kuondoa rangi ya ngozi moja kwa moja, alama isiyorudi.

Akiwa amemeza vingi kwa bahati mbaya, msimtapishe. Mwili ukiwa wa moto mpunguzieni nguo, mwekeni mahali penye hewa, na mwende hospitali na pakiti yenyewe ili wahudumu wahesabu vilivyopungua.

Kuhusu dozi nitasema kidogo, kwa sababu si kazi ya mzazi kuipanga, ila aijue asije kuchezewa. Mtoto wa miaka 6 na kuendelea kwa kawaida huanza na miligramu 5 za methilifenideti ya muda mfupi mara moja au mbili kwa siku, hupandishwa kwa miligramu 5 hadi 10 kila wiki, na kikomo cha kawaida ni 60 kwa siku. Uzito peke yake hauamui. Watoto wawili wa kilo 25 wanaweza kuwa mmoja anatosheka na 10 na mwingine anahitaji 30, kwa hiyo dozi ya mtoto wa jirani haikuhusu. Chini ya miaka 6 mambo ni magumu zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 na nusu ulikuta faida ndogo kuliko kwa wakubwa, na asilimia 11 waliacha kwa sababu ya maudhi, kulialia na hasira yakiwa mbele. Kwa umri huo huanzwa na mafunzo ya wazazi.

Vidonge vya kutwa visisagwe, visikatwe, visitafunwe. Vimejengwa viachilie dawa kidogo kidogo. Ukivivunja, dozi ya saa 12 inaingia mwilini kwa mkupuo. Concerta ya miligramu 18, kwa mfano, ina miligramu 4 tu zinazotoka mwanzoni, nyingine 14 zinasukumwa polepole, na ganda lake hutoka kwenye choo likiwa zima, kwa hiyo msishtuke kulikuta. Kapsuli za aina fulani, si zote, zinaweza kufunguliwa na chembe zake kunyunyizwa juu ya kijiko cha chakula laini kisicho moto, kikamezwa papo hapo bila kutafuna. Mfamasia ndiye wa kuulizwa. Muulizeni pia mkipewa chapa tofauti na ya mwezi uliopita. Miligramu 18 za Concerta zinalingana na vidonge vitatu vya muda mfupi vya miligramu 5, na mtu akibadilisha kwa kutazama namba tu atakosea. Kubadilishiwa huku kunatokea mara kwa mara kwa kuwa upatikanaji si wa uhakika. Kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiingiza methilifenideti kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021.

"Atakuwa teja?" Kidonge kinachomezwa kwa dozi ya daktari hupanda ubongoni polepole, bila ile nishai ya ghafla. Kinachosagwa na kuvutwa puani ni habari nyingine, na ndiyo sababu mwaka 2023 FDA ilitaka onyo la matumizi mabaya liwe kwenye lebo za vichangamshi vyote. Kwa matroni: vidonge vikae kwenye kabati lenye kufuli, vihesabiwe kila wiki, mtoto ameze mbele yako na afungue mdomo. Kidato cha tatu na cha nne, karibu na mitihani, kuna wanaotaka kuvinunua. Kijana anayetumia asitafune mirungi; kathinoni iliyomo ni binamu wa amfetamini, na moyo utapokea vichangamshi viwili. Vinywaji vya kuongeza nguvu na dawa za mafua zenye sudoefedrini viko kwenye mkumbo huohuo.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji maelezo yake, na tulio pwani tunaulizwa kila mwaka. Mtoto ambaye hajabalehe hajawajibika, na mgonjwa ana ruhusa. Hayo mtayaongea na sheikh. Mimi nasema ya kidonge. Cha muda mfupi kikimezwa kwenye daku saa kumi na nusu alfajiri, kimekwisha saa mbili na nusu asubuhi, kipindi cha kwanza kikiwa kinaendelea. Cha kutwa cha saa 12 kitadumu mpaka saa kumi na nusu jioni, na hamu ya kula inarudi futari ikikaribia, jambo zuri. Bei yake ni kwamba mtoto aliyekimeza halali tena baada ya daku, kwa hiyo alazwe mapema zaidi usiku. Kukihamishia kwenye futari msijaribu, atakesha. Na kwa kuwa maji hayanywi, mwenye kizunguzungu au mapigo ya mbio afunguzwe. Zungumzeni na daktari mwezi wa Shaabani, si siku ya tatu ya mfungo.

Wanaosafiri kwenda Ghuba: methilifenideti imo kwenye orodha ya pili ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Umoja wa Falme za Kiarabu unataka kibali kabla ya kuingia nayo. Barua ya daktari, cheti cha dawa, na vidonge ndani ya pakiti yake ya awali. Visihamishiwe kwenye kichupa cha vitamini.

Mezani hapo nyuma kuna karatasi zenye safu tano: saa aliyomeza, alichokula asubuhi na usiku, saa iliyotokea tatizo, tatizo lenyewe kwa maneno matatu, na saa aliyolala. Ya shule ina safu mbili tu, saa na alichokiona mwalimu. Jazeni kwa wiki mbili kabla ya kurudi kliniki. Mizani na kamba ya urefu viko pembeni ya mlango, na walioleta watoto waanze na hapo wakati wengine wanauliza maswali. Naanza na mama mwenye kitenge cha kijani, alinyoosha mkono tangu nilipotaja ugali.